Mzee wangu anasoma 170 kwa 75. Kama mishipa imekuwa myembamba, mbona ya chini haipandi?

#1 Kitunguu Swaumu (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 74. Kila akipimwa presha, ya juu inacheza 165 hadi 175, ya chini 72 hadi 78. Tulipompeleka tuliambiwa "mishipa imekuwa myembamba, damu inapita kwa shida". Dawa anameza, siulizi dawa.

Kinachonisumbua ni hesabu. Bomba likiwa jembamba, msukumo nyuma yake unapanda muda wote, sio moyo unapopiga tu. Wembamba basi ungepandisha namba zote mbili. Hapa ya juu imepaa, ya chini iko kama ya kijana wa chuo. Msimamo wangu ni kwamba maelezo ya wembamba si kweli, au si yote. Nishusheni.

#2 Popo Mchana
Nimekaa pale kwenye kona na kahawa yangu. Waje wajuzi.

#3 Mzee wa Busati
Mkuu unajisumbua bure na fizikia. Hiyo ni damu nzito. Chipsi, nyama choma, mafuta yanaingia kwenye damu, damu inakuwa nzito, moyo unasukuma kwa nguvu. Mpe maji ya vuguvugu na ndimu asubuhi.

#4 Nesi wa Zamu
#3 tafadhali. Uzito wa damu, yaani mnato wake, unategemea zaidi wingi wa chembe nyekundu. Damu ya kawaida ina mnato mara 3 hadi 4 ya maji, na kinachouleta ni chembe hizo kukaribia nusu ya ujazo wote. Kolesteroli inaleta matatizo kwa kujenga utando kwenye ukuta wa mshipa, haigeuzi damu kuwa uji. Hata aspirini ambayo watu wanasema "inayeyusha damu" haigusi mnato. Inazuia chembe sahani zisishikane.

Mleta mada, swali lako ni zuri. Ila kwanza: alipimwaje? Mkono ulikuwa usawa wa moyo au unaning'inia? Kila sentimita 10 chini ya moyo kipimo kinaongezeka karibu 8. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, unasoma juu pia. Akivuka miguu, juu tena.

#5 Kitunguu Swaumu
Dada nesi, nimempima mwenyewe nyumbani, kakaa kwenye kiti chenye egemeo, mkono juu ya meza, kimya. Ni ile ile.

#6 Mwalimu Mstaafu
Mleta mada yuko sahihi kwa nusu. Turudi kwa Poiseuille, Mfaransa aliyekuwa daktari. Mwaka 1828 alitumia zebaki kupima presha ya damu, na miaka ya 1840 akachapisha vipimo vya maji kwenye mirija myembamba ya kioo. Aligundua kwamba mtiririko unafuata nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Punguza kipenyo kwa asilimia 10 tu, presha isibadilike, mtiririko unashuka kwa asilimia 34. Punguza kwa nusu, inabaki sehemu moja ya 16.

Sasa swali linakuwa: ni mishipa ipi inayofanya kazi hiyo ya kubana? Sio aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Aota ina kipenyo cha karibu sentimita 2, damu inapita bila kupoteza chochote cha maana. Presha ya wastani inatoka moyoni karibu 100, na inafika mwisho wa ateri ndogo (ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni) bado iko juu ya 80. Halafu kwenye vijiateri, vile vya mwisho kabla ya kapilari (mishipa myembamba kuliko yote), inaporomoka hadi 30 na kitu. Huko ndiko kuna ukinzani wa mwili.

#7 Fundi Mabomba Mbagala
Mwalimu shikamoo. Hii naifahamu kwa mikono yangu. Mteja anakataa kununua bomba la robo tatu, anataka nusu inchi, halafu analalamika bafuni maji hayafiki. Kwa hesabu yako mwalimu, robo tatu inatoa mara tano ya nusu inchi.

#8 Jongoo wa Kilimanjaro
#7 hapana fundi. Kanuni ya Poiseuille inataka mkondo uliotulia, tabaka juu ya tabaka. Maji ya bomba la nyumbani yanakwenda kwa msukosuko, na hapo kipeo cha nne hakishiki. Ukipiga hesabu za wahandisi wa maji unapata karibu mara tatu.

#9 Fundi Mabomba Mbagala
Ndiyo maana ndoo yangu haijawahi kukubaliana na vitabu. Mara tatu naikubali.

#10 Mwalimu Mstaafu
Marahaba fundi. Jongoo yuko sawa kuhusu mabomba. Kwenye vijiateri lakini mkondo umetulia kabisa, na ndiko nilikokuwa nazungumzia.

#11 Ami Kibokoni
Mimi wa Mombasa, nauliza la pembeni. Ukibana bomba maji yanaruka kwa kasi. Kapilari ni nyembamba kuliko unywele, basi damu ingepita kama risasi. Mbona nasikia inatambaa?

#12 Jongoo wa Kilimanjaro
Kwa sababu kapilari si moja. Moyo unatoa lita 5 kwa dakika, sawa na sentimita za ujazo 83 kwa sekunde. Aota ina eneo la sentimita mraba 2.5 hivi, gawanya, unapata sentimita 33 kwa sekunde. Kapilari zote ukizijumlisha zina eneo la kama sentimita mraba 2,500. Gawanya tena: theluthi ya milimita kwa sekunde. Mara elfu moja polepole zaidi. Na kapilari yenyewe haifiki milimita moja, kwa hiyo chembe nyekundu inakaa humo sekunde moja hadi tatu, muda wa kutosha kushusha oksijeni.

#13 Ami Kibokoni
Ahsante ami, nimeelewa. Rudini kwa mzee wa watu.

#14 Binti Sukuma
Narudi. Jibu la #1 liko kwenye wastani. Makadirio ya kawaida: chukua ya chini, ongeza theluthi ya tofauti. 170 kwa 75 inakupa 107. Mtu wa 150 kwa 100 ambaye kila mtu atasema "ana presha kidogo" ana wastani wa 117. Kwa hiyo mzee ana wastani mdogo kuliko yule! Ukinzani wa vijiateri ndio unaopanga wastani. Kilichoharibika kwa mzee ni tofauti kati ya juu na chini, 95 badala ya 40. Na hiyo inapangwa na ugumu wa aota, sio wembamba.

Wanaolima mnalijua bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Unavuta mpini juu chini, juu chini, lakini dawa inatoka mfululizo. Ndani kuna chemba yenye hewa. Ukisukuma hewa inabanwa, ukipumzisha mkono inasukuma dawa. Siku chemba imejaa maji, hewa hakuna, dawa inatoka kwa kushtuka: inaruka, inakatika, inaruka. Aota changa ni hiyo chemba. Moyo unatema mililita 70 kwa pigo, karibu nusu yake inakaa kwanza kwenye aota iliyotanuka, halafu aota inajirudi na kuisukuma wakati moyo umepumzika. Aota ikikakamaa, pigo lote linapita kwa mkupuo (juu inapaa) na wakati wa kupumzika hakuna akiba (chini inashuka). Stephen Hales alishalinganisha ateri na chemba ya hewa ya pampu ya zimamoto mwaka 1733, na Otto Frank akaiwekea hesabu mwaka 1899.

#15 Kitunguu Swaumu
Hapa ndipo nilipotaka tufike. Binti Sukuma ubarikiwe.

#16 Popo Mchana
Huyo Hales si ndiye aliyemchoma farasi mrija?

#17 Binti Sukuma
Ndiye. Alimfunga farasi jike chini, akaingiza mrija kwenye ateri ya mguu, damu ikapanda futi 8 na inchi 3 kwenye kioo. Mita 2 na nusu.

#18 Mzee wa Busati
Maskini farasi. Hiyo ni presha ngapi?

#19 Jongoo wa Kilimanjaro
Kama 195 za zebaki. Lakini na wewe ukifungwa kamba ukachomwa mguu bila ganzi utasoma hiyo hiyo.

Binti Sukuma, nakupinga kidogo. Chemba ya hewa inachukulia presha inapanda sehemu zote kwa wakati mmoja. Sivyo. Pigo ni wimbi. Damu yenyewe inakwenda makumi ya sentimita kwa sekunde, lakini wimbi la pigo linakwenda mita 5 kwa sekunde kwa kijana na zaidi ya 10 kwa mzee. Ukishika kifundo cha mkono ukahisi pigo, umeshika wimbi. Damu iliyotoka moyoni na pigo hilo bado iko mbali. Wimbi likifika kwenye matawi na vijiateri, sehemu yake inarudi. Chukua nusu mita kwenda, nusu mita kurudi. Kwa kijana linarudi baada ya sekunde 0.2, moyo unakaribia kumaliza kusukuma. Kwa mzee wa mita 12 kwa sekunde linarudi baada ya 0.08, moyo ndio kwanza uko katikati ya kazi. Mawimbi mawili yanapandana, ya juu inapaa. Na lile lililokuwa linasaidia kushikilia ya chini baada ya vali kufunga halipo tena.

#20 Binti Sukuma
Mawimbi nayajua Jongoo. Tatizo lake ni hilo neno "nusu mita". Matawi yako mamia, kila tawi linarudisha kidogo kwa wakati wake. Hakuna ukuta mmoja. Na walipokusanywa watu wa rika tofauti wakapimwa, muda wa wimbi kurudi haukubadilika kwa kiasi hicho hesabu yako inachotaka. Wapo wanaosema wimbi la kwenda lenyewe ndilo limekuwa kubwa, kwa sababu pigo lile lile linaingia kwenye aota ngumu.

#21 Jongoo wa Kilimanjaro
Au kwa sababu kipenyo cha mlango wa aota hakilingani na pigo. Nalo lina watu wake. Wamezozana miaka mingi kwenye majarida, sisi tutamaliza leo?

#22 Fundi Mabomba Mbagala
Mawimbi nayaamini mimi. Funga koki ghafla kwenye bomba la chuma usikie linavyogonga ukuta. Kwenye mpira laini haugongi.

#23 Nesi wa Zamu
Mnapokuwa kwenye mawimbi, naomba msisahau wagonjwa. Tofauti kubwa kati ya juu na chini haina sababu moja. Vali ya aota ikivuja, damu inarudi moyoni na ya chini inashuka sana. Upungufu mkali wa damu unafanya hivyo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, hivyo hivyo. Na mapigo ya polepole: moyo ukipumzika muda mrefu, presha inazidi kushuka kabla ya pigo linalofuata. Kitunguu Swaumu, mapigo yake ni mangapi?

#24 Kitunguu Swaumu
Mashine inaandika 54 hadi 58.

#25 Nesi wa Zamu
Basi na hilo linachangia. Kuna dawa za presha zinazopunguza mapigo, muulize daktari wake kama mojawapo anaitumia. Asiache chochote kwa sababu ya uzi huu.

#26 Kichwa Ngumu
Nyote mnajadili 170 na 75 kana kwamba zimepimwa. Mashine za betri hazipimi ya juu wala ya chini! Zinasikiliza mtetemo kwenye mkanda wakati hewa inatoka. Mtetemo ukiwa mkubwa kabisa, hapo ni karibu na wastani. Zingine mbili zinakadiriwa kwa hesabu ambayo kila kampuni ina yake na haiitoi. Na kwa mzee mwenye mishipa migumu makadirio hayo ndiyo yanayoyumba.

#27 Mwalimu Mstaafu
Hoja nzuri. Kuna na ateri zilizojaa kalsiamu hadi mkanda hauzibani vizuri. Inasoma juu kuliko presha iliyomo ndani.

#28 Kitunguu Swaumu
Hospitalini walitumia ile ya kupampu na steteskopu. 168 kwa 76.

#29 Kichwa Ngumu
Afadhali. Ingawa hata hizo sauti alizozitangaza Korotkoff huko Urusi mwaka 1905, wataalamu hawajakubaliana zinatoka wapi. Wapo wanaosema ni msukosuko wa damu ikipenya chini ya mkanda. Wengine ni ukuta wa ateri unaofunguka na kujifunga kwa ghafla.

#30 Mama Wawili
Msukosuko upo jamani, mimi naushika kila siku. Mama yangu anasafishwa damu, ana fistula kwenye mkono wa kushoto. Daktari aliunganisha ateri na vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) moja kwa moja, bila kupitia kapilari. Ukiweka vidole juu ya kovu, kunatetema mfululizo, hakukatiki hata kati ya pigo na pigo. Ukiweka sikio unasikia mvumo unaopanda na kushuka. Tulifundishwa kuangalia kila asubuhi: siku mtetemo ukipotea, tukimbie hospitali, kwa maana damu imeganda humo. Na mkono huo haupimwi presha wala hautolewi damu.

#31 Jongoo wa Kilimanjaro
Dada, umeeleza vizuri kuliko kitabu. Vijiateri vimerukwa, ukinzani haupo, damu nyingi inapita kwa kasi kubwa, mkondo unavunjika na ukuta wa vena unatetema. Ateri yenye afya iko kimya. Kusikia sauti maana yake mkondo umevurugika mahali.

#32 Mama Wawili
Amina. Mama anaendelea vizuri.

#33 Mpiga Mbio Iten
Narudi kwa damu nzito mliyoicheka. Sisi huku tuko mita 2,400 juu ya bahari. Mwili unatengeneza chembe nyekundu zaidi, na mnato unapanda. Kwa hiyo hoja ya #3 sio ya kutupa.

#34 Mzee wa Busati
ASANTE. Nilijua atatokea mtu.

#35 Nesi wa Zamu
Alichosema wa Iten ni chembe nyekundu, wewe ulisema chipsi.

Mfano wa kweli wa damu kugoma kupita ni sikoseli. Chembe yenye afya ina upana wa maikroni 8 hivi na inajikunja ipite kapilari nyembamba kuliko yenyewe. Ya sikoseli ikikosa oksijeni inakuwa ngumu, haijikunji, inaziba. Hapo Poiseuille hana la kusema, kwa sababu hicho si kimiminika tena, ni foleni ya vitu vigumu.

#36 Mwalimu Mstaafu
Na damu ina maajabu yake. Kwenye mirija iliyo chini ya milimita 0.3 mnato wake unapungua kadiri mrija unavyokuwa mwembamba. Fåhræus na Lindqvist walilionyesha hilo mwaka 1931. Chembe zinakusanyika katikati, pembeni inabaki plazima, yaani maji ya damu, inayoteleza. Moyo ungekuwa na kazi kubwa zaidi bila hilo.

#37 Kitunguu Swaumu
Wakuu, nimempima mikono yote miwili leo. Kulia 171 kwa 76, kushoto 150 kwa 70. Nimerudia, ile ile.

#38 Nesi wa Zamu
Tofauti ya 20 ikijirudia si ya kupuuza. Mpeleke apimwe mikono yote miwili tena na daktari. Inawezekana ateri inayokwenda mkono wa kushoto imebanwa na utando. Presha yake ifuatwe kwa mkono wa kulia, ule unaosoma juu.

#39 Kichwa Ngumu
Wembamba umeingia kwa mlango wa nyuma, lol.

#40 Binti Sukuma
Kwenye ateri moja, ndiyo. Haielezi 171 ya kulia. Mtu anaweza kuwa na aota ngumu na utando kwa pamoja, na wazee wengi wanavyo vyote.

#41 Popo Mchana
Mimi nataka kujua aota inakakamaa kwa nini. Moyo ukipiga 70 kwa dakika, kwa miaka 74 ni zaidi ya mapigo bilioni 2. Imechoka tu kama chuma kinachokunjwa?

#42 Jongoo wa Kilimanjaro
Ipo kambi inayosema hivyo hivyo: nyuzi za elastini, zile zinazovutika, zinakatika kwa uchovu, mzigo unahamia kwenye kolajeni ambayo ni ngumu zaidi. Kambi nyingine inasema ni kalsiamu na sukari kushikamana na nyuzi. Nyingine inaanza upande wa pili, kwamba presha ya juu ndiyo inayoikakamaza aota. Kuku na yai.

#43 Ami Kibokoni
Twiga je? Shingo yote ile, presha yake si ingekuwa imeshamuua?

#44 Mpiga Mbio Iten
Twiga presha yake moyoni ni karibu maradufu ya yako. Kichwa kiko mita 2 hivi juu ya moyo, kupandisha damu huko peke yake kunakula kama 150 za zebaki. Mwaka 1966 Van Citters na wenzake walichapisha vipimo vya twiga wa porini hapa Kenya, waliwafunga vipimo vya redio wakawaachia watembee.

#45 Kichwa Ngumu
Hazikuliki zote. Shingo ni sifoni: damu inayoshuka kwenye vena inavuta ile inayopanda kwenye ateri. Moyo unalipa msuguano tu.

#46 Binti Sukuma
Sifoni inataka mrija mgumu upande wa kushukia. Vena ya shingo inasinyaa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1987 vilikuta presha chanya ndani ya vena hiyo ya twiga, wakati sifoni ingehitaji hasi.

#47 Kichwa Ngumu
Na mishipa iliyo ndani ya fuvu, nayo inasinyaa? Fuvu ni gumu. Jibu hilo kwanza.

#48 Fundi Mabomba Mbagala
Mimi nakwenda kulala. Kesho nina tangi la ghorofa ya tatu, na huko sifoni haijawahi kunipandishia maji. Ila niiteni akijibu.